Jinsi ya kusoma Kiingereza cha zamani bila kunaswa na maneno unayoyajua

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote linatoka kwenye Zaburi ya 23. Mtu ameikariri kwa Kiswahili tangu utotoni, kisha siku moja anaisoma kwa Kiingereza cha Biblia ya King James: "The Lord is my shepherd, I shall not want." Anashtuka. Bwana ni mchungaji wangu, halafu simtaki? Hapana. "Want" ya mwaka 1611, Biblia hiyo ilipochapishwa, ni kukosa, kupungukiwa. Biblia ya Kiswahili inasema "Sitapungukiwa na kitu", na hivyo ndivyo Kiingereza kile kilivyokusudia.

Wengine wanaoniuliza ni wanafunzi wa fasihi waliopewa tamthilia ya Shakespeare, wapangaji walioletewa mkataba wa kurasa kumi na mbili, na watu waliokuta barua ya enzi za ukoloni ndani ya sanduku la babu. Kwa kuwa maswali yao ni yale yale, nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja. Neno geni kabisa halina hatari kubwa. Ukikutana na "habergeon" utasimama, utafungua kamusi, na utajua kwamba ni vazi la vita la pete za chuma. Hatari iko kwenye "want", "let", "meat" na "charger", maneno uliyofundishwa darasa la nne, ambayo unayapita bila kusimama kwa sababu unadhani unayajua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Maandishi yenyewe, na mwaka yalipoandikwa. Ukikosa mwaka kamili, angalau ujue karne.

Daftari, na penseli mbili za rangi tofauti.

Kamusi inayoeleza historia ya maneno. Ile ndogo ya mfukoni haitakufikisha mbali. Kamusi kubwa kuliko zote kwa kazi hii ni ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Toleo lake la pili, la 1989, lina majuzuu 20. Mtandaoni ni ya kulipia, lakini maktaba za vyuo vikuu mara nyingi zimeshailipia, kwa hiyo uliza kwanza. Kama huna njia ya kuipata, kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 na ya Noah Webster ya 1828 zote zinasomeka bure mtandaoni, na kwa msomaji wa Biblia ya King James hiyo ya Webster pekee humaliza sehemu kubwa ya kazi. Wiktionary nayo inafaa ukiwa na haraka.

Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version, hata kama si mtu wa dini. Watafsiri wake walikuwa wameshapambana na mengi ya maneno haya, na majibu yao yako wazi mbele yako.

Kwa Shakespeare, tafuta toleo lenye maelezo chini ya ukurasa. Kama tamthilia yako ni Julius Caesar au The Merchant of Venice, una bahati ya pekee: Mwalimu Nyerere alizitafsiri zote mbili, ya kwanza ikatoka 1963, na ya pili, Mabepari wa Venisi, 1969.

Programu ya kutafsiri ya kwenye simu iweke pembeni kwa sasa. Kwa maneno ya mtego, mara nyingi itakupa maana ya leo, nayo ndiyo unayojaribu kuikwepa.

Hatua ya 1. Jua unasoma kitu cha wakati gani

Kiingereza kilichoandikwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 ni lugha nyingine kabisa. Hata Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kusomeshwa, na mwongozo huu hautakusaidia hapo. Unaanza kukusaidia kwenye maandishi ya miaka ya 1500 na kuendelea: Biblia, tamthilia, nyenzo za kisheria, barua za serikali.

Hatua ya 2. Soma sentensi nzima, kisha tia alama za rangi mbili

Rangi ya kwanza ni ya maneno usiyoyajua. Rangi ya pili ni ya maneno unayoyajua lakini yanakaa vibaya mahali yalipo. Hii ya pili ndiyo muhimu. Kila mara sentensi inapokupa maana ya ajabu, mtu mwema akionekana kufanya ubaya au Mungu akionekana kukataza alichokiamuru, usiseme "basi ndivyo walivyokuwa zamani". Tia alama. Karibu kila mara kuna neno limebadilika maana chini ya miguu yako.

Kosa la kawaida: kukimbilia kamusi kwenye neno la kwanza kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Nusu ya majibu huwa mbele.

Hatua ya 3. Nyoosha tahajia

Kama unasoma toleo jipya, ruka hatua hii. Kama una picha za kitabu chenyewe cha zamani, angalia mambo matatu.

Herufi u na v zilikuwa zikibadilishana, vivyo hivyo i na j. Katika Biblia ya 1611 utakuta "vpon" kwa upon, "haue" kwa have na "Iesus" kwa Jesus. Pia maneno yalibeba e ya mwisho isiyotamkwa, kama "olde" na "deepe".

Kulikuwa na s ndefu, ſ, inayofanana sana na f. Iliwekwa mwanzoni na katikati ya neno. Mwishoni waliweka s ya kawaida. Itazame kwa karibu: mkato wa f hupita pande zote mbili za mstari, wa s ndefu huwa upande wa kushoto tu, na pengine haupo. Wachapishaji waliiacha kufikia takriban mwaka 1800. Kwa hiyo ukikuta "bleffed" katika maandishi yaliyosomwa na mashine, ni blessed.

Tatu ni "Ye Olde", ile ya kwenye vibao vya maduka na mikahawa. Hiyo "Ye" si ninyi. Kiingereza kilikuwa na herufi þ iliyosimama badala ya th. William Caxton alipoleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, herufi za chuma zilizotoka bara Ulaya hazikuwa na þ, na wachapishaji wakazoea kuweka y iliyofanana nayo kwa mwandiko. Ni "the" tu, na hutamkwa "the".

Hatua ya 4. Tenganisha wewe na ninyi

Hapa msomaji wa Kiswahili anamzidi Mwingereza wa leo. Yeye ana "you" moja tu kwa mtu mmoja na kwa umati. Wewe una wewe na ninyi, kama Biblia ya King James ilivyokuwa nazo:

- "thou" ni wewe unayetenda
- "thee" ni wewe unayetendewa: "I saw thee", nilikuona
- "thy" na "thine" ni -ako. "Thine" huja mbele ya irabu au ikisimama peke yake
- "ye" ni ninyi mnaotenda
- "you" ni ninyi mnaotendewa
- "your" ni -enu

Usidhani hili ni jambo dogo. Fungua Luka 22:31-32. Yesu anasema na Simoni: "Satan hath desired to have you", kisha "But I have prayed for thee". Anayesoma kwa Kiingereza cha leo anadhani yote mawili yanamhusu Simoni peke yake. Biblia ya Kiswahili inasema Shetani "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe". Wanafunzi wote walitakwa. Mmoja ndiye aliyetajwa katika ombi. Vivyo hivyo Yohana 3:7: Nikodemo anaambiwa kama mtu mmoja, "I said unto thee", lakini sharti linawakumba wote, "Ye must be born again". Kiswahili: "Hamna budi". Sichoki kuonyesha aya hizi mbili, kwa sababu hapo ndipo watu hugundua kwamba lugha yao inawasaidia badala ya kuwakwamisha.

Tahadhari kwa wasomaji wa Shakespeare: kwake, "you" inaweza pia kuwa ya mtu mmoja, kwa heshima au kwa mazungumzo ya kawaida tu. "Thou" huelekezwa kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, au mtu unayemtukana. Mhusika akihama kutoka "you" kwenda "thou" katikati ya maongezi, simama. Ama amependa, ama amekasirika.

Hatua ya 5. Fuata mkia wa kitenzi

Mkia "-est" au "-st" ni wa thou peke yake: "thou knowest", unajua. Mkia "-eth" ni wa yeye au kitu kimoja: "he knoweth", anajua. Basi.

Vifupi vinavyowasumbua watu: "thou art" ni wewe ni, haihusiani na sanaa. "Thou wilt" ni utafanya au unataka, haihusiani na maua kunyauka. "Hast" na "hath" ni kuwa na. "Dost" na "doth" ni kufanya, au kitenzi kisaidizi tu.

Kukanusha kulikaa nyuma ya kitenzi: "I know not" ni sijui, "Fear not" ni usiogope. Na alama ya ritifaa humeza herufi: "'tis" ni it is, "o'er" ni over, "ne'er" ni never.

Hatua ya 6. Fungua maneno yaliyounganishwa

Mikataba imejaa "thereof", "hereto", "wherein", na mtu akiziona zimepangwa mstari mzima hukata tamaa. Kanuni ni moja. "Here-" ni hii, "there-" ni hiyo, "where-" ni ambayo. Kipande cha nyuma ni kihusishi kinachorudishwa mbele unapotafsiri. "Thereof" ni ya hiyo. "Hereto" ni kwa hii, na "the parties hereto" ni wahusika wa hati hii. "Wherein" ni ambamo. Ukishaijua, unaweza kufungua hata neno ambalo hujawahi kuliona.

Ndugu zao ni maneno ya mwendo. "Here" ni hapa, "hither" ni kuja hapa, "hence" ni kutoka hapa. "There, thither, thence" na "where, whither, whence" zinafuata mtindo ule ule.

Lakini "wherefore" haifuati, na imewakosesha wengi. Juliet wa tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, anaposema "wherefore art thou Romeo?" hamtafuti mpenzi wake alipo. Anauliza: kwa nini wewe ni Romeo, mwana wa ukoo ambao ni adui wa wetu? Mstari unaofuata unathibitisha, kwa maana anamwambia amkane baba yake na alikatae jina lake. Katika hati ya madai ya mahakamani, "wherefore the plaintiff prays" ni kwa sababu hiyo mdai anaomba. Kwa nini, au kwa sababu hiyo. Uko wapi, kamwe.

Hatua ya 7. Pitia maneno ya mtego moja moja

Hapa usiwe na haraka. Chukua kila neno ulilolitia rangi ya pili na uliulize: wakati ule lilimaanisha nini? Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

"Suffer" ilikuwa pia kuruhusu. "Suffer the little children to come unto me", Marko 10:14, haisemi watoto wateseke. Kiswahili kinasema waacheni waje.

"Let" ilibeba maana mbili zinazopingana, kuruhusu na kuzuia. Katika 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth" ni yule azuiaye. Maana hiyo haijafa yote: pasipoti ya Uingereza huomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi wala pingamizi. Fungua kurasa za mwanzo za pasipoti yako uone kama nayo imeyarithi maneno hayo.

"Prevent" ilikuwa kutangulia. Katika 1 Wathesalonike 4:15 walio hai "shall not prevent" waliolala; hatutawatangulia. Ukisoma "hatutawazuia" umepotea.

"Meat" ilikuwa chakula chochote. Mwanzo 1:29 mimea na matunda vinatolewa "for meat", na hakuna nyama hapo. "Corn" ni nafaka. Wanafunzi wanapopita "through the corn fields", Marko 2:23, usione shamba la mahindi. Mahindi asili yake ni Amerika, na Palestina ya wakati ule hayakuwapo. Walivunja masuke ya ngano au shayiri.

"Conversation" ilikuwa mwenendo mzima wa mtu, siyo mazungumzo. Tazama Wafilipi 1:27. "Naughty" ilikuwa mbovu, isiyofaa. Ndiyo maana kikapu cha pili katika Yeremia 24:2 kina "very naughty figs", tini mbovu sana. "Quick" ilikuwa hai, na "the quick and the dead" ni walio hai na waliokufa. Zebaki iliitwa "quicksilver" kwa sababu hiyo: fedha iliyo hai, inayokimbia mkononi.

Kwa Shakespeare ongeza "presently", ambayo mara nyingi ni sasa hivi, na "anon", punde hivi.

Kwenye mikataba kuna matatu. "Presents" katika "know all men by these presents" ni hati hii yenyewe, hakuna zawadi. "Determine" hutumika kwa maana ya kukoma, yaani mkataba kufika mwisho. Na "demise" ni kupangisha. Mzee mmoja aliniletea mkataba wa nyumba mikono ikimtetemeka, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amemsomea "the demised premises" na kumwambia ni nyumba ya marehemu. Alikuwa tayari kurudisha funguo. Tulikaa barazani tukausoma wote, na hakuna aliyekufa. Ilikuwa nyumba iliyopangishwa tu. Hata hivyo, kuelewa maneno ni jambo moja na kutia saini ni jingine. Mkataba wenye fedha nyingi mwonyeshe wakili.

Hatua ya 8. Ingia katika kamusi ukiwa na mwaka mkononi

Usichukue maana ya kwanza. Kamusi ya Oxford hupanga maana kwa historia, ya zamani ikitangulia, na huweka mifano yenye tarehe. Tafuta maana ambayo mifano yake inazunguka mwaka wa maandishi yako. Kamusi nyingi za kawaida hufanya kinyume: ya leo juu, ya zamani chini kabisa. Hapo shuka hadi mwisho.

Angalia lebo pia. "Archaic" ni neno ambalo limezeeka lakini bado linasikika katika sala, sheria au mashairi. "Obsolete" ni maana iliyokufa. Lebo hiyo ikiwa kwenye maana namba 4, usidhani neno zima limekufa. Ni maana hiyo tu.

Hatua ya 9. Rudisha maana mahali pake, uijaribu kwa Kiswahili

Chukua aya moja tuifanye pamoja, Marko 6:25, binti wa Herodia mbele ya mfalme: "And she came in straightway with haste unto the king, and asked, saying, I will that thou give me by and by in a charger the head of John the Baptist."

Rangi ya kwanza: "straightway", mara moja, "unto", kwa. Hayo ni mepesi. "Thou" ni wewe, mtu mmoja, mfalme. Sasa rangi ya pili. "I will" leo ni nita-, lakini hapa inafuatwa na "that thou give", kwa hiyo si wakati ujao, ni nataka. "By and by" leo ni baadaye kidogo. Ijaribu: ameingia mbio, ana haraka, halafu aombe kitu cha baadaye? Haikai. Kamusi ya zamani inakwambia ilikuwa papo hapo. Na "charger"? Kijana wa leo anaona chaja ya simu. Ilikuwa sahani kubwa bapa ya kupakulia nyama.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili: "Nataka unipe sasa hivi katika kombe kichwa cha Yohana Mbatizaji." Kila kitu kimelingana, nataka, sasa hivi, kombe. Lakini hilo kombe nalo limekuwa mtego, maana kijana aliyekwepa chaja sasa anaona Kombe la Dunia. Zamani kombe lilikuwa sahani kubwa. Pwani bado wapo wanaokunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa kama dawa. Jina la chombo limebaki kwenye dawa.

Hatua ya 10. Andika ulichopata

Neno, maana ya wakati ule, mahali ulipolikuta. Mstari mmoja unatosha. Maneno ya mtego hayazidi mia chache, na hurudi rudi. Daftari lako la miezi mitatu litakufaa kuliko orodha yoyote ya kununua.

Ukitaka kuyatumia mwenyewe

Kwenye kadi za harusi na mahubiri naona "I goeth" na "they knoweth". Yote mawili ni makosa, kwa sababu "-eth" ni ya yeye tu. Pia usichanganye "thou" na "your" katika sentensi moja kwa mtu yule yule. Kama huna uhakika, andika Kiingereza cha leo.

Ukikwama

*Neno halimo katika kamusi yoyote.* Rudi hatua ya 3. Badili f kuwa s, v kuwa u, ondoa e ya mwisho, kisha lisome kwa sauti. Kama ni barua ya kikoloni ya Afrika Mashariki, jiulize kama ni neno lako mwenyewe lililovaa suti: "shamba", "boma", "baraza", "askari" zimo tele. "Pice" ni pesa zile za zamani, 64 kwa rupia moja.

*Barua ina tarehe zisizoeleweka.* "Inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 12 Machi inayotaja "yours of the 28th ult." inajibu barua ya 28 Februari. Na ukikuta imemalizika kwa "your obedient servant", usihitimishe kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa mtu. Maofisa waliandikiana hivyo hata wakiwa wanagombana.

*Maana mbili zote zinakaa.* Ziandike zote, endelea kusoma. Kama hata mwisho wa sura hujapata jibu, huenda mwandishi alizitaka zote mbili. Shakespeare alifanya hivyo mara nyingi.

*Neno umelikuta kwenye orodha ya "maneno ya ajabu yaliyosahaulika".* Kuwa mwangalifu. Orodha hizo hunakiliana, na huchanganya neno lililotumiwa na maelfu na neno lililookotwa mahali pamoja. "Uhtceare", huzuni ya mtu aliye macho kabla ya alfajiri, husambazwa kana kwamba kila Mwingereza alilisema. Tunalijua kutoka shairi moja la Kiingereza cha kale kabisa. "Groak", kumkodolea macho anayekula ukitumaini kupewa, lilikuwa neno la lahaja za upande wa Uskoti. Kwetu anayekaa hivyo anadoea, na neno liko hai. "Overmorrow" lilikuwamo katika Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya 1535, kisha likapotea, na Mwingereza akabaki na maneno manne, "the day after tomorrow", kusema keshokutwa.

*Tafsiri ya Kiswahili nayo huielewi.* Hili hutokea, na vijana huona aibu kulisema. Ile aya ya Luka inaendelea "ili imani yako isitindike". Kutindika ni kupungua, kuishiwa. Tumia hatua zile zile: kamusi ya zamani ya Kiswahili, kama ile ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa 1939, na kama kuna mzee wa pwani karibu nawe, msalimie kwanza kisha umuulize. Ukiwa hapo, muulize pia siku inayofuata keshokutwa inaitwaje. Akikujibu mtondo, na inayofuata mtondogoo, yaandike kwenye daftari lile lile.